Wanne kwa Mmoja

Jumapili, 6 Mei 2007
Daktari wa presha ameniambia niandike kila ninachokula. Chai ya maziwa, chapati moja na nusu. Nusu nyingine ameila Sikujua, mtengeneza chai wa skuli yetu, mtu wa Songea, ambaye hana presha wala hana haya.

Jumatatu, 7 Mei
Wali kidogo, samaki wa kukaanga. Kuandika chakula peke yake kunachosha, kwa hiyo nitaandika na mengine. Daktari mwenyewe ni Mhindi, Kiswahili hakijui.

Mimi ni Khamisa, karani wa uandikishaji katika sekondari ya serikali ya wasichana hapa Bur Dubai, nyuma ya maduka ya vitambaa. Ni skuli ndogo na kila mwaka inazidi kuwa ndogo. Nilipoanza kazi, kengele ya mapumziko ikilia huwezi kukatiza uani kwa wingi wa wasichana. Sasa njiwa ndio wengi. Wenye mji wamepata majumba mapya Barsha na kwengineko, wanahama mmoja mmoja, na nyumba zao za zamani wamezipangisha kwa wanaume wa kazi, chumba kimoja watu kumi. Wanaume wa kazi hawana mabinti wa kuandikisha.

Na bado kila asubuhi nakuta kina mama mlangoni: Myemeni, Msomali, Mngazija, Mzanzibari mwenzangu, kila mmoja na binti yake na cheti cha alama nzuri. Viti tunavyo, lakini ni wageni kama mimi, na mgeni hapokewi ovyo. Nawaambia warudi mwakani. Wengine wananijibu kwa maneno ambayo siyaandiki humu.

Jumatano, 9 Mei
Mudira, mkuu wetu wa skuli, ameniita akanisomea agizo jipya. Kuanzia Septemba, katika kila darasa wageni wasizidi moja ya tano. Maana yake wananchi wanne wanambeba mgeni mmoja. Hesabu itafungwa Alhamisi ya kwanza ya mwaka wa masomo, na kompyuta ikishafunga haifunguki. Wageni wakizidi, anatoka wa mwisho, na mabinti wa walimu wanatangulia mbele ya wengine wote. Alisoma bila kuniangalia. Huyu mama ana roho kavu, nimesema siku zote.

Nikarudi mezani kwangu nikatazama darasa la kumi na moja, ambalo Septemba litakuwa la mwisho. Wananchi kumi na tisa, wageni wanne. Watatu ni mabinti wa walimu wetu. Wa nne ni Ghaliya wangu.

Watu huniuliza imekuwaje mimi mgeni na kaka yangu Abdullatif mwananchi, hali tumetoka tumbo moja na tumekuja kutoka Unguja kwa ndege moja. Imekuwa kwamba yeye aliingia polisi akapewa pasi, na mimi nikaolewa na Msellem, ambaye aliingia kwenye usukani wa lori la kiwanda huko Investments Park, na hadi leo hajashuka. Pasi yake ni ya Tanzania na mtoto hufuata baba. Basi mapacha wa kaka, Jalia na Zuwena, ni wananchi, na Ghaliya, aliyezaliwa hospitali ileile mwezi mmoja baada yao, ni mgeni. Darasani wanakaa pamoja, watatu safu moja, tangu wana meno ya maziwa.

Akikosa kiti, skuli za kulipia hatuziwezi, tulishauliza. Itabidi aende Unguja, alikohamia mama mkwe wangu kutoka Pemba, aanze upya na watoto wadogo kwake, kwa Kiingereza, yeye ambaye fizikia na kemia zote kazijua kwa Kiarabu. Anataka kuwa mfamasia. Msellem anamwita Daktari tangu ana miaka sita.

Kwa wageni wanne tunahitaji wananchi kumi na sita, na tunao kumi na tisa. Nimekula mkate mkavu na nimelala vizuri.

Jumanne, 22 Mei
Joto limeanza kazi yake. Familia moja imehamia Barsha. Kumi na wanane.

Alhamisi, 7 Juni
Tufani imepiga Oman. Kaka Abdullatif amekesha na simu akiwatafuta jamaa zetu wa Maskati mmoja mmoja, mpaka akampata shangazi juu ya paa, mzima, akilalamikia magodoro yake. Ndipo kaka akatupigia sisi kutupa habari, na sauti imemkauka. Ndivyo alivyo.

Jumatano, 13 Juni
Kiyoyozi cha chumbani kimekufa. Sijala kitu.

Jumamosi, 16 Juni
Jana tulikula kwa kaka. Kwetu kaka mkubwa haombwi. Ukimwomba umemweka pabaya, maana hawezi kukataa, na ni kama umeingiza mkono mfukoni mwake. Unakwenda na sahani yako, unakaa, unazungumza pembeni, na mwenye akili anafahamu. Nilichukua mkate wa kumimina, na katikati ya kahawa nikasema tu kwamba Msellem siku hizi analala na kanga mbichi kifuani. Kaka akacheka, akaendelea na habari za Maskati.

Leo asubuhi fundi kaleta kiyoyozi kipya. Msellem hakuuliza kimetoka wapi. Amekiwasha akalala chini yake saa nne nzima.

Jumapili, 24 Juni
Mitihani imekwisha. Ghaliya wa pili darasani. Zuwena wa tisa, Jalia hasemi wa ngapi. Familia mbili zimechukua vyeti vya uhamisho siku hiyohiyo, na nimewaandikia kwa mkono wangu na kuwapongeza. Kumi na sita. Akiba imekwisha.

Jumapili, 1 Julai
Wifi yangu Mwanamkasi, mke wa Abdullatif, amekuja na habari kwamba funguo za nyumba yao ya Barsha zimetoka. Jiko lina madirisha mawili. Alilitaja hilo jiko mpaka chai ikapoa. Nilimpongeza, nikapiga na kigelegele kidogo, na moyoni nilikuwa nahesabu. Skuli ya sekondari ya Barsha, kasema, ipo karibu na mlango wao, mtoto anakwenda kwa miguu.

Mwanamkasi anapenda kujionyesha, hilo linajulikana. Lakini leo nilimchukia, na hakuwa amenikosea kitu.

Jumatano, 4 Julai
Nimemwambia Msellem yote. Nimefikiria kwamba mapacha wangebaki skuli yetu mwaka huu mmoja. Siku za masomo walale kwetu, chumba kimoja na Ghaliya, mimi nakwenda nao na kurudi nao. Msellem akasema, "Sasa kinachokuzuia nini? Mwambie kaka yako hivyohivyo ulivyoniambia mimi."

Nikamwambia yeye mtu wa Pemba, mambo haya hayajui.

Ijumaa, 6 Julai
Nimekwenda. Mikate ya ufuta kumi na mbili, samli ya nyumbani, na kanga mpya. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Baada ya chakula nikakaa karibu ya kaka nikamwambia kwamba Ghaliya hana raha. Mwaka huu, nikasema, haijulikani kama atabaki darasani, kuna agizo jipya, na mambo ya mtoto wakati mwingine yamo mikononi mwa wenzake. Nikaishia hapo. Nikaangalia mikate.

Kaka aliweka kikombe chini. Akawatazama mapacha waliokuwa wakipigania rimoti ya televisheni. Kisha akasema, "Nimekufahamu, Khamisa. Niachie mimi."

Nimerudi nyumbani nimekula mikate mitatu, na daktari anisamehe.

Jumanne, 17 Julai
Unyevu. Miwani inaingia ukungu ukifungua mlango tu. Skuli hakuna mtu ila mimi, Sikujua na kina mama wa mlangoni.

Jumatano, 25 Julai
Yule Mngazija amerudi mara ya tatu. Leo alikaa kwenye ngazi kwa sababu miguu ilimwishia, na binti yake akampepea kwa cheti. Zamani ningemwambia ofisi imefungwa. Nimewaingiza ndani, Sikujua akawapa maji na biskuti, na tukakaa wanawake wanne na yule binti chini ya feni, kwani Mudira naye alitoka chumbani kwake akakaa. Mudira alimwuliza binti anapenda somo gani, akasema jiografia. Mudira akasema ni somo zuri. Halafu wakaondoka.

Ijumaa, 10 Agosti
Maulidi ya nyumba mpya, Barsha. Nimekuwa huko tangu alfajiri. Nimefukiza udi vyumba vyote kwa mkono wangu, nimepika pilau, nimepokea wageni kama nyumba ni yangu. Ni nyumba nzuri, Mungu awabariki. Madirisha ya jikoni ni mawili kweli.

Zuwena alikuwa na macho mekundu, hakutaka kukaa na Ghaliya. Nilidhani anasikitikia mtaa wa zamani. Wakati wa kuosha masufuria Mwanamkasi alinishika mkono akanishikilia, akasema, "Wifi, sisi Ghaliya hatumtofautishi na wetu. Tulifanyalo kwa hawa ndilo tulifanyalo kwa yule." Nikajua anasema juu ya mapacha kulala kwetu, na nikaona haya kwa yote niliyomfikiria. Nikambusu. Hakuna aliyetaja skuli, na mimi sikutaja. Mambo yakishafahamika hayarudiwi.

Ijumaa, 24 Agosti
Wazee wa hapa wanasema nyota ya Suheli imeonekana, joto litavunjika. Halijavunjika. Nimenunua vitanda viwili vya kukunja na shuka za waridi.

Jumapili, 2 Septemba
Siku ya kwanza. Mapacha hawakulala kwetu jana, nikasema labda watakuja na gari. Kengele ikalia. Nikasema barabara ya Barsha ina msongamano. Saa nne nikampigia Mwanamkasi kumwuliza kama wote wazima. Akasema wazima, Jalia na Zuwena wamekwenda skuli yao mpya, uhamisho ulifanywa huko kwenye ofisi ya elimu tangu Julai, ingawa kwangu karatasi haijafika, na sare zao mpya zinawakaa vizuri sana.

Nikasema hongera.

Kumi na wanne. Wananchi kumi na wanne hawabebi wageni wanne. Wanabeba watatu.

Ghaliya alikaa peke yake kwenye safu ya watatu. Alipotoka alikuwa ameizima simu yake, mapacha wasimpate.

Jumatatu, 3 Septemba
Sijala. Nimekasirika. Ndugu yangu wa damu, nimempelekea mikate na maneno, akaniambia nimwachie, kisha akafanya kinyume. Kama hakutaka angenyamaza tu, ningejua.

Mudira ameniita. Nilidhani ataniambia niandae karatasi ya kumtoa Ghaliya. Kumbe jana mchana alikwenda mwenyewe ofisi ya kanda na matokeo ya Ghaliya kwenye mkoba, akakaa huko mpaka wakafunga. Hawakubali. Akaniambia, kwa kile Kiarabu chake cha harakaharaka, nimpigie kaka yangu awarudishe wale wasichana hadi Alhamisi tu, uhamisho wa kurudi yeye ataupitisha, na baada ya hesabu kila mtu aende anakotaka. "Siku nne, Khamisa. Yalla, piga."

Mama huyu nimefanya naye kazi miaka yote hii na sikuwa namjua.

Nimepiga. Kaka akafurahi kusikia sauti yangu. Tukaulizana hali, tukamwulizia shangazi wa Maskati, tukaiulizia presha yangu. Akasema, "Na mambo ya skuli, yamekaa vizuri?" Nilifungua mdomo. Nilishamwomba, kwa namna tunavyoomba sisi, na jibu lake nimeliona. Kumwomba mara ya pili ni kumwambia usoni kwamba mara ya kwanza alininyima. Mdomo ukasema wenyewe, "Vizuri, kaka, alhamdulillahi."

Mudira alikuwa amesimama mlangoni. Akaniangalia kama mtu anayeangalia gari likizama baharini, akarudi chumbani kwake.

Jumatano, 5 Septemba
Usiku nilimwambia Msellem. Hakunigombeza, na ni afadhali angenigombeza. Leo amemwomba arbabu wake, mwenye kiwanda, ruhusa, akaendesha hadi Barsha na sare yake ya kiwanda, kusema lile nililoshindwa kusema. Hakukuta mtu. Jirani kasema wameondoka jana jioni kwenda Maskati kumtazama shangazi, watarudi Jumamosi, na wasichana wamewachukua. Simu haipatikani.

Alirudi akakaa kwenye gari chini ya nyumba muda mrefu kabla ya kupanda.

Alhamisi, 6 Septemba
Ni mimi niliyeifanya. Karani wa uandikishaji ni mimi, hakuna mwingine. Mudira alisema atabonyeza yeye, nikakataa, sijui kwa nini nilikataa. Kompyuta inauliza kama una hakika.

Darasa la kumi na mbili: wananchi kumi na wanne, wageni watatu. Viti vipo thelathini.

Ghaliya alikuja ofisini na begi lake akanisubiri nimalize kazi, kama kila siku. Sikujua akampa chai. Akamwambia, "Kunywa mwanangu," akamtia sukari vijiko vitatu.

Jumatatu, 10 Septemba
Mama mkwe kapiga simu. Chumba kipo, ametandika.

Jumatano, 12 Septemba
Kesho Ramadhani. Baada ya isha kaka Abdullatif alikuja na tende na halua, kama kila mwaka. Nilikuwa nimejiapiza nitakuwa baridi. Nilimwekea mto mgongoni.

Alikunywa kikombe cha kwanza akauliza, "Haya, Khamisa, kiti cha Ghaliya kimepatikana?"

Sikuelewa. Akacheka akasema nisijifanye. Akasema siku ile ya mikate alinifahamu mara moja, kwamba skuli ni ndogo, darasa limejaa, kuna agizo, na mwana wangu anasukumwa. Na mabinti zake wawili wamekalia viti viwili bure hali wana skuli mlangoni kwao. Jumapili yake tu akaenda ofisi ya elimu akawatoa, ili Ghaliya akae.

"Walilia," akasema. "Zuwena wiki nzima hakunisemesha, alitaka kumaliza na ndugu yake. Nikamwambia, wewe kiti utapewa popote, Ghaliya hana kwengine. Na nikawakataza wasimwambie, asije akajiona ana deni kwao."

Nilikuwa namtazama kaka yangu, mvi zake, na shati lake alilolipigia pasi kwa ajili ya kuja kwetu. Wanne kwa mmoja. Ni nani angedhani kwamba ukiondoka ndiyo unamwondoa mwenzio? Mimi mwenyewe nisingelijua kama si kazi yangu. Nilikuwa nalijua, na sikulisema.

Ghaliya alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya kahawa. Alisikia lote.

Msellem alifungua mdomo. Nilimwangalia, akaufunga.

Nikasema, "Ahsante, kaka. Mungu akuzidishie." Ghaliya akaja, akammiminia mjomba wake kikombe cha pili, akambusu mkono. Kaka akamwambia asome sana.

Jumapili, 16 Septemba
Tumemwambia kaka kwamba bibi yake Ghaliya huko Unguja hajiwezi na mtoto ameomba akamtazame. Kaka alisikitika, halafu akajivuna. Anawaeleza watu msikitini kwamba mpwa wake ameacha skuli ya serikali kwa ajili ya bibi yake.

Jumanne, 25 Septemba
Shuka za waridi nimezikunja. Vile vitanda amechukua Sikujua.

Alhamisi, 27 Septemba
Kaka ndiye aliyetupeleka uwanja wa ndege, hakukubali tuchukue teksi. Mapacha walikuja na sare zao mpya, wakamkumbatia Ghaliya wote wawili, wakalia watatu pamoja. Kaka alimpa dawa za maungo za bibi na koti la baridi ya ndege, akamwambia, "Mwakani utarudi, kiti chako kipo. Mjomba wako kakuwekea."

"Inshallah, mjomba," akasema Ghaliya.

Nikamsindikiza hadi pale wanapozuia wasio na safari. Nilitaka kumwomba msamaha, nimejipanga wiki mbili, na nilikuwa nimeapa kwamba hili moja nitalisema wazi, neno kwa neno. Akanitangulia. Akanirekebishia mtandio wangu, akanisogelea sikioni.

"Mama, mjomba usimwambie. Wala baba asimwambie. Ataumia."

Nikasema sitamwambia. Akaenda na begi lake, hakugeuka, kwa sababu nilimfundisha mimi kwamba msafiri hageuki nyuma.

Nimerudi kwenye gari. Kaka akaniuliza mbona nalia hivyo, na hali nimemlea mtoto mwenye adabu kama yule. Ni kweli. Adabu ile yote kaipata kwangu.

Futari: tende, maji, uji wa pilipili manga. Presha sikupima.